Me preocupa, tengo miedo, no creo que: uchague lipi unapohofia usalama wako kwa Kihispania

Masomo mengi ya Kihispania humfundisha mtu kujitambulisha, kuuliza bei na kuagiza chakula, kisha humwacha hapo. Siku anaposikia harufu ya gesi kwenye chumba alichopanga, au dereva anapokimbiza gari kwenye kona za mlimani, ndipo anapogundua kwamba hana hata sentensi moja ya kusema. Naliona hilo kuwa pengo kubwa. Hofu ya usalama si jambo la kumezwa kwa kukosa maneno. Hapa nimeziweka pamoja namna zinazotumika zaidi, mbili mbili au tatu tatu, ili uone ipi inakufaa na kwa nani.

Mwenye haraka achukue haya: *me preocupa* (inanitia wasiwasi) kwa mazungumzo ya kawaida, *no creo que* (sidhani kama) kwa shaka, na pale hatari ilipo mbele ya macho aache zote mbili ataje kitu chenyewe. Mwenye muda asome sababu.

## Seguro: salama au hakika?

Neno la kwanza litakalokuchanganya ni *seguro*. Kiswahili kimetenganisha kabisa "salama" na "hakika". Kihispania kimeyabeba yote mawili kwenye neno hilo moja, na kinachoyatofautisha ni kitenzi kinachotangulia. Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa", *ser* na *estar*. Ukitumia *ser* unazungumzia usalama wa kitu au mahali: *¿Es seguro este puente?*, je, daraja hili ni salama? Ukitumia *estar* na kiima kikawa mtu, unazungumzia uhakika: *¿Está seguro?*, una hakika?

Kwa hiyo anayesema *no estoy seguro* akikusudia "siko salama" ataeleweka kuwa "sina hakika", na msikilizaji atasubiri amalizie: hana hakika na nini? Ukiwa unaongea na polisi kwa simu, hapo umepoteza sekunde ambazo ulizihitaji.

Basi useme nini? Kuna njia mbili, na hazifanyi kazi moja. *No me siento seguro aquí* (mwanamke atasema *segura*) maana yake "sijisikii salama hapa". Hii ndiyo ya kutumia hotelini, kazini, barabarani, au kwenye nyumba ambayo mlango wake haufungiki. Ya pili ni *estoy a salvo*, nayo ni ya mtu ambaye hatari imeshampita: ametolewa kwenye mafuriko, amefika kwa ndugu zake, anapiga simu kuwatoa watu wasiwasi. Ukiisema kabla ya kutoka hatarini, unawaambia watu wasije kukusaidia.

Jihadhari pia na *soy inseguro*. Hiyo inaeleza tabia: mtu asiyejiamini. Mtaa unaweza kuwa *inseguro*, na katika habari za Amerika ya Kusini *la inseguridad* ndilo jina la kawaida la tatizo la uhalifu. Lakini ukijitaja mwenyewe kwa *soy*, umebadilisha mada. Na ukisikia *el seguro* kama jina la kitu, huenda wanazungumzia bima, au kitufe cha kufungia mlango wa gari. Dereva wa teksi akikuambia *ponga el seguro* anataka ufunge mlango kwa ndani.

## Wasiwasi: me preocupa, estoy preocupado, me preocupo

Hizi tatu zinatokana na kitenzi kimoja na wanafunzi huzichanganya kila siku. Tofauti zake hazionekani haraka, ila zina uzito.

*Me preocupa* imejengwa hivi: kile kinachotia wasiwasi ndicho kiima. *Me preocupa el freno*, breki inanitia wasiwasi. Zikiwa nyingi, kitenzi kinafuata wingi wake: *me preocupan los frenos*. Mpangilio huu haupaswi kukutisha hata kidogo, kwa maana nasi tunasema "breki hizi zinanitia wasiwasi", kitenzi kikifuata breki na mwenye wasiwasi akiwa ndani ya kitenzi. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili yuko karibu sana na umbo hili.

*Estoy preocupado por los frenos* inaeleza hali yako wewe kwa wakati huu. Ni sahihi na inasikika kila mahali, lakini inakudai ukumbuke jinsia: mwanaume *preocupado*, mwanamke *preocupada*, kundi la wanawake *preocupadas*. Kiswahili hakina mzigo huo, na mtu aliyeshtuka huusahau kwanza kabisa. *Me preocupa* haijali jinsia. Hiyo ni sababu yangu ya kwanza ya kuipendelea.

*Me preocupo por mi hija* ni ya mazoea zaidi: mimi ni mtu wa kuwaza juu ya binti yangu, hata kama hakuna kilichotokea. Sasa linganisha na *me preocupa mi hija*. Hapo kuna kitu: anachelewa kurudi, amekuwa mkimya, amepata marafiki usiowajua. Mwalimu wake akisikia sentensi hii ya pili atavuta kiti akusikilize. Akisikia ya kwanza atatabasamu aseme wazazi wote wako hivyo. Halafu badilisha kihusishi tu, *preocuparse de*, na maana inahama: *preocúpate de cerrar la llave* ni agizo, "hakikisha umefunga koki".

Sababu yangu ya pili ya kuchagua *me preocupa* ni adabu. Ukimwambia msimamizi wa kazi *me preocupa el andamio*, jukwaa hili la ujenzi linanitia wasiwasi, umeweka tatizo kwenye jukwaa. Hujamwambia kwamba ni mzembe. Anaweza kulikagua bila kujitetea, na mtu asiyejitetea husikia vizuri zaidi.

Ukitaka kuongeza uzito, sema *me preocupa mucho* au *me tiene muy preocupada*. *Me inquieta* iachie barua na ripoti. *Me agobia*, ambayo utaisikia sana Uhispania, inahusu kuelemewa na mambo, si kuhofia hatari.

## Woga: tengo miedo, me da miedo, temo, me temo

Hapa tunapanda ngazi. *Tengo miedo* ni woga kamili, na unakuwa wa kwako: unao. Hufuatwa na *a* au *de* mbele ya jina (*tengo miedo a las alturas*), na *de* mbele ya kitenzi (*tengo miedo de caerme*, naogopa kuanguka). Ukiitumia kwa kila jambo dogo, watu watakuona mwoga, na siku ya hofu ya kweli itakuwa imechakaa.

*Me da miedo* ni nyepesi zaidi na inafanana kimjengo na *me preocupa*: kitu ndicho kinachokupa woga. *Me da miedo cruzar por aquí*, naogopa kuvukia hapa. Haikuvui heshima, na hata mtu mzima mwenye mwili wa mabavu huisema bila shida. Kati ya hizi mbili, kwa mambo ya barabarani na ya nyumbani, naichagua hii.

*Temo que* ni ya maandishi. Utaisoma gazetini na kwenye barua rasmi. Mdomoni inasikika nzito. Lakini ukiiongezea *me* mbele, angalia kinachotokea:

*Temo que el ascensor no funcione.* Nahofia lifti isije ikawa haifanyi kazi.

*Me temo que el ascensor no funciona.* Samahani, lifti haifanyi kazi.

Ya pili haina hofu ndani yake. Ni njia ya kistaarabu ya kutoa habari mbaya, na mhudumu wa mapokezi anayekuambia hivyo haogopi chochote: anajua kabisa kwamba lifti imekufa. Tazama pia kwamba kitenzi cha mwisho kimebadilika, *funcione* kule na *funciona* huku. Herufi hiyo moja ndiyo kiini cha suala lote, na nitaifikia sasa hivi.

Kabla ya hapo, kuna misemo ya moyo unaposita bila ushahidi. *Me da mala espina* ni pale ambapo jambo halikukai vizuri ingawa huna la kuonyesha. Uhispania utasikia sana *no me fío*, siamini, kama *no me fío de esa escalera*; sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini wanapendelea *no me da confianza*. Mexico vijana wanasema *no me late*. Ya kueleweka kote ni *no me da confianza*.

## Unajua, au unahofia?

Kihispania kinakulazimisha uonyeshe, ndani ya kitenzi chenyewe, kama jambo unalitoa kuwa ni kweli au unaliweka kama hofu, shaka au matakwa. Linalotolewa kuwa kweli hutumia umbo liitwalo *indicativo*. Linalohofiwa hutumia *subjuntivo*. Linganisha:

*Estoy preocupada porque la puerta no cierra bien.* Nina wasiwasi kwa sababu mlango haufungi vizuri.

*Me preocupa que la puerta no cierre bien.* Mlango kutofunga vizuri kunanitia wasiwasi.

Ya kwanza, yenye *porque* na *cierra*, inatoa taarifa: mlango ni mbovu, nimeuona. Ya pili, yenye *que* na *cierre*, inaweka mbele hisia. Mlango unaweza kuwa mbovu kweli, au unaweza kuwa ni dhana tu, na msikilizaji hawezi kujua kwa sentensi hiyo peke yake. Ndiyo maana ukitaka fundi aje, *porque* ina nguvu kuliko *que*. Vitabu vingi hufundisha *subjuntivo* kama orodha ya vitenzi vya kukariri na kuliacha hili, ilhali kwa mtu mwenye mlango mbovu ndilo la maana.

Umbo lenyewe halina uchawi. Chukua kitenzi kwa nafsi ya kwanza, ondoa *-o*, ubadilishe vokali: vitenzi vya *-ar* hupata *-e*, vya *-er* na *-ir* hupata *-a*. *Cierro* inakuwa *cierre*, *rompo* inakuwa *rompa*, *caigo* inakuwa *caiga*. Vilivyokataa utaratibu huu ni sita tu, vile ambavyo nafsi ya kwanza haiishii kwa *-o*, na bahati mbaya ndivyo vinavyotumika zaidi: *sea*, *esté*, *haya*, *vaya*, *sepa*, *dé*. Hivi kariri tu.

Nasi tunabadilisha vokali ya mwisho tunaposema "aende", "asome", "nifunge". Na kwa hofu tuna umbo letu maalum: "naogopa asije akaanguka". Hiyo ndiyo *tengo miedo de que se caiga*, karibu kipande kwa kipande. Msemaji wa Kiswahili anayeanza kichwani na "asije aka-" atajikuta ameingia kwenye *subjuntivo* bila kuhesabu sheria.

Kuna zaidi. Kihispania kina msemo *no vaya a ser que*, na mwenzake kwetu ni "isije ikawa". *Cierra la llave, no vaya a ser que haya una fuga*: funga koki, isije ikawa inavuja. Wao wametumia kitenzi cha kwenda, sisi cha kuja, na safari ni moja. Msemo huu ni wa kila siku, hauna urasmi, na nakushauri uushike mapema.

Usiuchanganye na *por si*, ambayo ni ya tahadhari na huchukua *indicativo*: *lleva una linterna por si se va la luz*, beba tochi endapo umeme utakatika. Ukiwa huna la kuongeza, *por si acaso* inatosha peke yake.

Swali la *de* huwasumbua hata wenyeji. Ni *me preocupa que*, bila *de*. Ni *tengo miedo de que* au *a que*. Ni *estoy seguro de que*. Njia ya kujipima: weka *eso* (hilo) badala ya maneno yanayofuata. Unasema *me preocupa eso*, kwa hiyo hakuna *de*. Unasema *estoy seguro de eso*, kwa hiyo *de* ibaki. Mitaani utasikia *estoy seguro que* kila dakika, na hakuna atakayekushangaa ukisema hivyo. Real Academia Española, chombo kilichoanzishwa Madrid mwaka 1713 kuangalia lugha hiyo, kinashauri *de* iwepo, na kwenye barua rasmi ni vizuri kuifuata.

## Shaka: creo que no, no creo que, dudo que, no sé si

Kiswahili kinajua tofauti ya "nadhani si salama" na "sidhani kama ni salama". Kihispania nacho kinaijua, ila kinaongeza badiliko la kitenzi:

*Creo que no es seguro.*

*No creo que sea seguro.*

Kwenye ya kwanza mtu ana maoni na anayatoa: si salama, ndivyo ninavyoona. Kitenzi *es* kiko kwenye *indicativo* kwa sababu anachokiamini anakitangaza. Kwenye ya pili anakanusha imani yenyewe, na *sea* inalegeza kauli. Mgeni akionyeshwa boti kuukuu na mwenye boti, *no creo que sea seguro* inamkatalia bila kumkabili. *Creo que no es seguro* inamkabili. Kwa mtoto wako anayetaka kupanda boti hiyo, tumia hii inayokabili.

*Dudo que sea seguro* ni kali kuliko zote mbili. Ingawa neno lenyewe linataja shaka, anayesema hivyo kwa kawaida ameshaamua kwamba kitu si salama. *No estoy seguro de que sea seguro* ni sahihi kabisa kisarufi, lakini neno moja linatokea mara mbili kwa maana mbili na linachosha sikio. Badala yake sema *no me parece seguro*, ambayo ni fupi na inatumika kwa lolote, kuanzia waya wa umeme hadi tovuti inayotaka namba ya kadi yako.

*No sé si es seguro* inachukua *indicativo*, ingawa unaeleza shaka. Mexico utakuta watu wanasema *no sé si sea*, na ni ya kwao. Mwanafunzi abaki na *es*. Ukitaka kuwaza kwa sauti, tumia wakati ujao: *¿Será seguro?*, sijui ni salama? Hii inamkaribisha mwenzako mfikiri pamoja, na haidai jibu.

Kuhusu maneno ya "labda" sitakawia: *puede que* daima na *subjuntivo*, *a lo mejor* daima na *indicativo*, *quizás* na *tal vez* huenda kotekote.

## Harufu ya gesi: sentensi tatu, masikio matatu

Chukua mpangaji anayesikia harufu ya gesi jikoni. Kabla ya maneno yoyote afunge koki, afungue madirisha, asiguse swichi, atoke nje. Akiwa nje ndipo apige simu au aandike, na ana sentensi tatu za kuchagua:

*Me preocupa que haya una fuga de gas.*

*Creo que hay una fuga de gas.*

*Huele a gas.*

Ya kwanza ndiyo yenye adabu zaidi, na hapa ndiyo dhaifu zaidi. Imejaa *me preocupa* na *haya*, kwa hiyo mwenye nyumba anasikia mtu mwenye wasiwasi, na dawa anayoijua ya wasiwasi ni kumtuliza: *no se preocupe* (usijali), *tranquila* (tulia), *no pasa nada* (hakuna shida). Ya pili inatoa maoni, na maoni yanajadiliwa: "unajuaje?" Ya tatu ina maneno matatu na haijadiliki. Kunanuka gesi. Hakuna anayeweza kukuambia pua yako haijanusa.

Lakini huhitaji kuitupa *me preocupa*. Ipe nafasi yake baada ya ukweli:

*Buenos días. Desde ayer huele a gas en la cocina. Me preocupa que haya una fuga. ¿Puede mandar a alguien hoy?*

Tangu jana jikoni kunanuka gesi. Nahofia isije ikawa inavuja. Unaweza kutuma mtu leo? Kwanza unachokijua, kisha unachokihofia, kisha unachokitaka na siku yake. Mpangilio huo unafaa kwa ngazi iliyolegea, kamera isiyofanya kazi, taa za mlangoni zilizoungua, na hata kwa ujumbe wa shule kuhusu mtoto anayeonewa. Neno *hoy* usiliache. Bila siku, ombi huning'inia.

Akikujibu *no se preocupe*, usimalizie na *gracias*. Sema *entiendo, pero prefiero que lo revise un técnico*, naelewa, ila napendelea fundi alikague. Akiendelea kupuuza, andika *quiero dejar constancia por escrito de que...*, nataka hili liwe kwenye maandishi. Sentensi hiyo hubadilisha sura ya mazungumzo mara moja, kwa kuwa msomaji wake anajua kwamba karatasi inaweza kuonyeshwa kwa mwingine.

Zipo ngazi hapa pia. *Queja* ni lalamiko la kawaida. *Reclamación* ni rasmi zaidi: Uhispania wateja huomba *hoja de reclamaciones*, Peru huomba *libro de reclamaciones*. *Denuncia* ni taarifa kwa polisi au mamlaka juu ya jambo lililovunja sheria, kwa hiyo usiitamke kama tishio jepesi. Vilevile *le advierto que*, ambayo wengi hudhani ni "nakutahadharisha", mara nyingi husikika kama kitisho. *Le aviso de que* au *quería comentarle que* hufikisha habari bila kuwasha moto.

Tumia *usted*, "wewe" ya heshima, unapoandika kwa mwenye nyumba, mwajiri au mhudumu usiyemfahamu. Uhispania watahamia *tú*, "wewe" ya kirafiki, haraka, nawe uwafuate. Bogotá watu huitana *usted* hata ndani ya familia, basi usione ni ubaridi. Argentina "wewe" ya kirafiki ni *vos*: mwenzako akikuambia ujihadhari atasema *tené cuidado*, si *ten cuidado*.

## Kumwuliza mwenyeji

*¿Es peligroso este barrio?* ni swali linalojibika, ila limeanza na neno la hatari, na mwenyeji anaweza kuhisi mtaa wake umetukanwa. *¿Es seguro?* ni laini, na jibu lake mara nyingi ni laini vilevile: *sí, sí, tranquilo*. Ninaloliamini ni la tatu: *¿Usted caminaría por aquí de noche?*, wewe ungetembea hapa usiku? Umbo la *caminaría* linamweka yeye mwenyewe barabarani saa hiyo, na watu husema ukweli zaidi wanapojibu juu ya miguu yao. Mwanamke amwulize mwanamke, na aongeze *sola*, peke yako.

Kwa dereva anayekimbiza gari, *¿podría ir más despacio, por favor?*, unaweza kwenda polepole zaidi, itangulie. Ikishindwa, *me da miedo ir tan rápido*, naogopa kwenda kasi hivi. Ikishindwa hiyo, *pare aquí, por favor*, simama hapa, na ushuke mahali penye watu.

## Hatari ikishafika

Hapa sarufi inakaa pembeni. *¡Cuidado!* inaeleweka kila nchi. *¡Ojo!* ni fupi na hutumika sana hata kwenye maandishi. Mexico hupiga kelele *¡aguas!*, na mgeni asiyejua husimama akitafuta maji. Ukiisikia, ruka pembeni. *Cuídate* nayo si onyo: ni kwaheri ya upendo.

Kuomba msaada, *¡socorro!* na *¡auxilio!* zinajulikana kote, ya kwanza ikizoeleka zaidi Uhispania na ya pili sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini. *¡Ayuda!* ndiyo rahisi kuitoa mdomoni. Kama mtu anakufuata, ingia dukani au hotelini useme *me están siguiendo*, ninafuatwa. Usianze na *creo que*.

Uhispania namba ya dharura ni 112, sawa na Umoja wa Ulaya mzima. Mexico ni 911, Colombia 123, na polisi wa Peru ni 105. Chile wana tatu zinazofuatana, na wenyeji huzikumbuka kwa herufi A, B, C: 131 kwa *ambulancia* (gari la wagonjwa), 132 kwa *bomberos* (zimamoto), 133 kwa *carabineros* (polisi). Uhispania pia kuna 016 kwa wanawake wanaofanyiwa ukatili. Simu hiyo ni ya bure na haionekani kwenye bili, ila uifute mwenyewe kwenye orodha ya simu ulizopiga.

Mpokeaji atakapoitika, anza na mahali: *estoy en...*, niko kwenye..., ukitaja mtaa, namba, au jengo linaloonekana. Kisha tukio: *hay un incendio* (kuna moto), *hay un herido* (kuna majeruhi). Kisha, kama unahitaji, *hablo poco español* (nazungumza Kihispania kidogo). Mambo ya *me preocupa que* hayana kazi kwenye simu hii. Na ukisikia *no cuelgue*, anakuambia usikate.